Chande na Misingi ya Utawala Bora

Hapo zamani, enzi ambazo kila kilima kilikuwa na sultani wake, na kila sultani alikuwa na mtu wa kumsifu kabla hajaamka, palikuwa na mji ulioitwa Ungwamba. Juu ya mji huo palikuwa na chemchemi, na maji yake yalikuwa yakiteremka yenyewe hadi Mtaa wa Bondeni, walikokaa maskini. Akaja Sultani Hatibu, mtu mpenda maua, akaizungushia chemchemi ukuta, akapanda asumini na waridi, akaleta na mabata bukini wanne. Maji yaliyozidi akayageuzia mashamba yake ya miwa upande wa pili wa kilima. Ikawa mabata wanaoga mara tatu kwa siku, na watu wa Bondeni wanakwenda kuteka mto Kirege, mwendo wa nusu siku kwenda na kurudi.

Basi huko Bondeni alikaa fukara mmoja jina lake Chande. Hakuwa na shamba wala mbuzi, na kanzu yake ilikuwa moja, akiifua hushinda ndani. Alilelewa na shangazi yake, Bi Siwema, mkuu wa chama cha kuzikana cha wanawake wa mtaa ule, na goti la mama huyu lilikuwa limevimba kwa safari za Kirege. Chande alikuwa akimpokea mtungi, lakini mara mbili aliuvunja kwa kusimama kuzungumza na watu, na tangu hapo shangazi akamkataza asiuguse. Kila alipomwona akirudi anachechemea, moyo ulimuuma kuliko tumbo, na tumbo lake halikuwa geni kwa kuuma.

Siku moja Sultani akapata barua kutoka kwa Mfalme wa ng'ambo ya milima, mwenye nchi ya chumvi na chuma. Barua ikasema: "Sisi hatufungi urafiki ila na nchi ambayo majumbe wake na vyama vya raia wake wamefunzwa utawala bora. Wakaguzi wetu watafika mwezi ujao, watazame kwa macho yao."

Sultani akamwita Waziri akamwuliza, "Utawala bora ni kitu gani?"

Waziri akajibu, "Sikijui, bwana wangu, lakini hufunzwa."

Basi akatafutwa mwalimu mwenye kilemba kirefu, wakaitwa majumbe wote kumi na wawili, wakafunzwa siku tatu. Siku ya kwanza walijitambulisha, siku ya pili walikula, siku ya tatu wakagawiwa vyeti vya ngozi laini. Vyama vya raia navyo havikusahauliwa: chama cha kuzikana, chama cha ngoma ya lelemama na chama cha wasusi wa mikeka vyote vilialikwa, vikawekwa uani kuosha vyombo. Na mafunzo hayakupotea bure, msije mkamsingizia mwalimu. Jumbe Mlekwa wa Bondeni, alipoulizwa na wanawake habari za maji, akawajibu, "Jambo lenu lahitaji ushirikishwaji," kisha akaenda kulala, kwa sababu neno lile lilikuwa limemchosha.

Ilipofika hafla ya kufunga mafunzo, Sultani akaketi kitini akauliza, "Enyi majumbe, mmefunzwa nini?" Wakajibu kwa sauti moja, "Misingi ya utawala bora!" Mara mlangoni kikasikika kicheko.

"Nani huyo acheka mbele yangu?"

"Ni mimi, bwana wangu, Chande wa Bondeni. Nimekuja kumchukulia shangazi yangu masufuria."

"Wacheka nini?"

"Nacheka ujinga wangu, bwana. Misingi niijuayo mimi huchimbwa, ina urefu na ina kina, na mtu asipotazama hutumbukia. Hii waliyoipata majumbe nimeitafuta ukumbi mzima, sijajikwaa hata mara moja."

Majumbe wakaguna, mwalimu akarekebisha kilemba chake. Sultani akaghadhibika, kwa sababu maneno yale yalimgusa pale alipokuwa na wasiwasi mwenyewe: wakaguzi wanakuja kutazama kwa macho, naye hana cha kuwaonyesha ila vyeti.

Akanena, "Vema! Maadamu wewe ndiye mjuzi, nakupa siku saba. Nataka misingi ya utawala bora niione kwa macho yangu na niiguse kwa mkono wangu. Majumbe wote wafunzwe, vyama vyote vishiriki. Ukishindwa, utahama Ungwamba wewe na kila aliye nyumbani mwako."

Watu wote walijua kwamba aliye nyumbani mwa Chande ni Bi Siwema peke yake. Ulimi wa Chande ulikuwa umemponza mara nyingi, lakini haukuwa umemponza mama huyu hata siku moja. Akainama mpaka chini, akasema, "Nimesikia na nimetii. Ila mimi ni mtu wa chini, nikienda kufunza wakubwa watanifukuza. Naomba amri hii iandikwe, ipigwe muhuri."

"Iandikwe," akasema Sultani.

"Na misingi hii, bwana wangu, ianzie wapi?"

"Swali gani hilo? Kila utawala katika nchi hii huanzia kwangu!"

"Na iishie wapi?"

Sultani akawatupia jicho majumbe, akaona hapa ni mahali pa kunena neno kubwa. "Imfikie raia wa chini kabisa," akasema, na majumbe wakapiga makofi. Waziri akaandika yote, neno kwa neno: misingi ianzie kwa Sultani, imfikie raia wa chini kabisa, majumbe na vyama washiriki kwa mikono yao, wala Chande asizuiwe na mlinzi wala lango wala ukuta. Hayo mawili ya mwisho Chande ndiye aliyeyaomba, na Waziri akayaongeza bila kufikiri, kwa kuwa kalamu ilikuwa imeshashika mwendo.

Nyumbani Bi Siwema akamwambia, "Chande mwanangu, umetuuza kwa kicheko kimoja. Mimi na goti hili nitahamia wapi?"

"Hutahama, shangazi. Nipe chama chako na majembe yao."

"Nikupe wewe majembe? Yale si ya kulima, ni ya kuzikia."

"Basi waambie kuna maiti wa kuzikwa, ila sijui bado ni nani."

Bi Siwema akacheka asipende kucheka, akawaita wenzake. Siku tatu Chande akashinda akipanda na kushuka kilima na kamba yenye mafundo, akipima, na watu wakasema woga umempandisha kichaa. Siku ya nne majumbe wakafika Bondeni kwa mafunzo, kila mmoja na mto wake wa kukalia, wakauliza viti viko wapi na sharubati inakuja saa ngapi. Chande akawagawia majembe.

Jumbe Mlekwa akalitazama lake, akauliza, "Hili ni la nini?"

"Haya ni mafunzo kwa vitendo."

"Sisi tumezoea mafunzo ya kukaa."

Chande akakunjua amri akawasomea: washiriki kwa mikono yao. Wakautazama muhuri, wakautambua, wakavua makoti. Wakaanza kuchimba kutoka Bondeni kwenda juu, na alipoulizwa mbona amri yasema ianzie kwa Sultani, Chande akajibu kwamba mwenye kujenga huanzia mwisho ili afike mwanzo akiwa amezoea. Wanawake wa kuzikana wakachimba, wa lelemama wakaimba na kuchimba, wasusi wa mikeka wakabeba udongo. Jumbe Mlekwa akatoka malengelenge, na siku ya sita, akiwa ameketi mtaroni na mmoja wa wale wanawake aliowajibu ushirikishwaji, akamwuliza kwa mara ya kwanza: "Hivi Kirege ni mbali kiasi gani?" Yule mama akamwambia. Jumbe akashika tena jembe.

Siku ya saba wakaguzi wakaingia Ungwamba, watu wawili wakavu wenye vitabu vya kuandikia. Sultani akawakaribisha bustanini, wakae kivulini mwa asumini, na alipokuwa akiwaonyesha mabata ukuta ukaanza kulia, ngo! ngo! ngo! Jiwe moja likaanguka ndani, na mahali pake ukatokea uso wa Chande umejaa vumbi.

Sultani akapiga ukelele, "Ewe mwanaharamu! Wabomoa ukuta wangu?"

"La, bwana wangu, natia uwazi," akajibu Chande. "Mwalimu alifunza kwamba ndio wa kwanza katika misingi. Nimeuzunguka ukuta wote kuutafuta, sikuukuta, ikabidi niutoboe."

"Walinzi! Mko wapi?"

Mlinzi mkuu akasogea. "Bwana wangu, tulimzuia. Akatusomea amri. Ina muhuri wako na yasema asizuiwe na ukuta."

Sultani akafungua kinywa, lakini Chande alikuwa ameshapiga mtaimbo mara ya mwisho. Ukingo wa chemchemi ukaachia, maji yakapita katika lile tundu, yakaingia mtaroni, yakateremka kilima kwa kishindo, na huko chini vikapanda vigelegele vya wanawake wa Bondeni. Mabata wakabaki na maji yao ya kuogea, ila wamekasirika.

Mkaguzi mmoja akauliza, "Nini hiki, Sultani?"

Chande akamjibu kwa adabu, "Ni misingi ya utawala bora. Yaanzia hapa kwa bwana wetu, yamfikia raia wa chini kabisa, ambaye ni jirani yangu, hakuna nyumba chini ya yake. Imechimbwa na majumbe wote na vyama vyote. Bwana wetu alitaka aione kwa macho na aiguse kwa mkono." Kisha akamgeukia Sultani. "Tafadhali, bwana wangu, iguse."

Mkaguzi akafungua kitabu chake. "Na amri ya kuichimba aliitoa nani?"

Hapo ndipo Sultani Hatibu alipobanwa. Akisema ni yeye, ukuta wake umekwenda na hawezi kuudai. Akisema si yeye, muhuri uko pale wazi, na urafiki wa chumvi na chuma umekwenda pia. Akaitazama amri, akaona maneno yake mwenyewe, yale aliyopigiwa makofi. Mashavu yakamtetemeka, na watu wakadhani Chande amekwisha. Mara Sultani akaangua kicheko, akacheka mpaka akashika ukuta uliobaki.

"Niliitoa mimi," akasema. "Wallahi, niliitoa mimi, na sikujua nimetoa nini!" Akatia mkono majini mbele ya wakaguzi, nao wakaandika. Akamwambia Chande, "Huhami. Nakufanya jumbe wa Bondeni badala ya Mlekwa."

"Nisamehe, bwana wangu. Mlekwa amejua jana tu umbali wa Kirege, itakuwa hasara kumwondoa leo."

Wakaguzi wakataka kuufuata mtaro hadi mwisho wake, na Sultani asiweze kuwakatalia, ikawa wote wanateremka kwa miguu juani. Walipofika Bondeni, Sultani alikuwa na kiu ya kufa. Akawakuta wanawake wamejipanga na mitungi, na Bi Siwema amesimama kwenye maji, kata mkononi, anateka kwa zamu. Watu wakaanza kumpisha Sultani.

Bi Siwema akanena, "Karibu, bwana wetu, na wewe ni wa hapa. Lakini zamu hii ni ya Bi Mboni, na nyuma yake yuko Mwanashumu, na huyu bibi."

Sultani akamtazama Waziri, Waziri akawatazama wakaguzi, wakaguzi wakamtazama Sultani, kalamu mkononi. Sultani akamwinamia Chande akamwuliza kwa sauti ya chini, "Na hili ni somo gani?"

"Hili mwalimu hakulitaja, bwana wangu. Hungojwa tu."

Basi Sultani wa Ungwamba akasimama nyuma ya mitungi mitatu, akangoja; na wa tatu ulikuwa mkubwa.