Kibali cha Hatua Arobaini

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa nini?
— Pakawa mto!
— Mto umetulia?
— Haujatulia!
— Basi tulieni nyinyi, nisimulie.

Hapo kale, katika nchi ya Polandi, palikuwa na mji mdogo uitwao Olszyn, kando ya mto Lubra. Mji ulikuwa upande wa magharibi: kanisa, soko, kinu cha ngano na watu wabishi. Upande wa mashariki palikuwa na kilima, na juu ya kilima makaburi. Mjini maji yalifurika kila mwaka, na watu wa Olszyn hawakutaka wafu wao walowe; kulowa waliwaachia walio hai. Nyuma ya kilima palikuwa na bonde kavu. Mababu walisema Lubra ilipita humo zamani, ikachoka, ikahamia mbele. Likumbukeni bonde hilo. Wakubwa walilisahau.

Siku moja wafalme jirani watatu walikutana. Wakala, wakanywa, wakagawana nchi isiyo yao. Wewe mama pale, unasema ni wizi? Wao waliuita mkataba. Ulikuwa na mihuri. Mmoja aliweka kidole juu ya ramani akasema, "Mpaka upite hapa." Kidole kilikuwa kinene, kikafunika mto mzima, lakini nani angemwambia?

Akaja afisa wa mpaka, Bwana Trubin. Nyumba yake, alimokaa mkewe, ilikuwa kijijini, ng'ambo ya lile bonde. Ofisi aliijenga chini ya kilima, ukingoni kabisa, apate kuuona mto ukitii. Akapigilia ubao: MPAKA NI MTO, POPOTE MTO UPITAPO. HAVUKI MTU BILA KIBALI.

Mjini Olszyn aliishi Walenty, fundi wa matita ya mierebi. Alifunga fito za mierebi, miti ya kando ya maji, zikawa matita, akayakita majini, tope likanasa, ukingo ukapona. Mkewe, Apolonia, alizikwa kilimani majira ya baridi, kabla tu ya kidole kile kutua. Na desturi ya watu hawa ni hii: siku ya kwanza ya Novemba kila kaburi huwashiwa mshumaa. Kaburi lenye giza ni la mtu asiye na mtu.

Mwaka wa kwanza Walenty akavuka kwa mtumbwi wake, akasimama mbele ya ofisi.

"Sababu ya kuvuka?"

"Kumwashia mke wangu mshumaa."

"Mkeo ana kibali?"

"Amekufa, bwana."

"Basi anakaaje upande wetu bila karatasi?"

Akarudi. Mwaka wa pili akaenda tena.

"Nani shahidi kwamba yule ni mkeo?"

"Ni yeye mwenyewe, bwana."

"Aje."

Akarudi. Mwaka wa tatu akaenda tena.

"Mwaka juzi mke, mwaka jana mke, leo mke. Huna jambo jipya, Mzee Walenty?"

"Sina, bwana. Ni yuleyule."

Akarudi.

Vuli iliyofuata Lubra ilianza kuutafuna ukingo wa ofisi. Sakafu ikaning'inia. Ghafla kibali kikapatikana! Trubin akamwita Walenty: "Utafika ukingoni tu. Makaburi hayamo kwenye kibali." Kutoka ukingoni hadi kwa Apolonia ni hatua arobaini. Walenty alizihesabu kwa macho.

"Matita niyaweke wapi, bwana?"

"Kule juu mto unakotokea! Yaingie katikati, yasukume maji mbali na ofisi yangu."

"Barafu itanasa pale, bwana. Maji yatatafuta njia nyingine."

"Yatafute!"

Kesho yake akauliza tena. "Yatafute!" Keshokutwa yake akauliza mara ya tatu. Trubin akaandika amri, akaitia muhuri. Walenty akafunga matita. Hajapata kuyafunga imara namna ile.

Machi barafu ikapasuka. Ikaja ikigongana, ikanasa kwenye matita, ikapandana ikawa ukuta. Maji yakasimama. Yakakumbuka. Ilipofika adhuhuri, Lubra ilikuwa ikipita bondeni, nyuma ya kilima, na mbele ya kilima palibaki tope na samaki wakirukaruka.

Ofisi haikuguswa hata na tone. Kazi safi! Ila sasa Trubin alikuwa upande wa Olszyn, na ng'ambo ya mto mpya mkewe alikuwa akipunga kitambaa.

Watu wa mji wakavuka tope kwa viatu vyao vizito. Klimek, mwenye kinu, akausoma ubao kwa sauti, taratibu, mara tatu: "Popote mto upitapo. Popote. Popote!"

"Mzee Walenty," akasema Trubin, "nivushe kwa mtumbwi wako."

"Sababu ya kuvuka?"

"Mke wangu yuko kule!"

Watu wakakohoa. Wakangoja. Wote waliyajua maswali yaliyobaki.

"Muulize karatasi!" akapaza Klimek. "Muulize shahidi!"

Walenty akaanza kuuburuta mtumbwi kuelekea bondeni.

"Sababu hiyo inatosha," akasema. Akamvusha.

Wafalme, nasikia, waliiandikia Lubra barua ya kuitaka irudi. Lubra haijajibu.

Walenty alirudi, akaanzia ukingo wa zamani, akapanda kilima. Hatua thelathini na nane. Macho yalikosea mbili. Haikuwa Novemba. Upepo ukazima mshumaa mara moja, mara mbili. Mara ya tatu akauzungushia kofia yake, ukawaka.

Hadithi yangu imefika ng'ambo. Mwenye kibali aifuate. Asiye nacho, auangalie mto.

— Umetulia?
— Haujatulia!