Siku Fisi Alipodai Kula Yamini

Hadithi, hadithi, kutwa hadithi! Maji hamjateka, kuku hawajaingia bandani, ila mdomo wa bibi ndio mnauona hauna kazi. Na leo mnataka ya shule. Mimi shule niliichungulia tu, nikatoka na herufi chache kama mtu aliyekatizwa na mvua akiokota kuni. Haya, kaeni. Wewe, toa kidole puani.

Zamani hizo za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, majiko na majirani wa kuwasengenya, palikuwa na shule moja kwenye kichuguu kikubwa, chini ya Mzee Tembo, mkuu wa kijiji. Mwalimu wake alikuwa Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa na maneno machache. Kwa kuwa hakuweza kuwaacha watoto peke yao, kila penye habari ya wazazi alimtuma Fisi.

Fisi alikuwa na pembe ya kupigia mbiu. Tutuuu! Tutuuu! Akifika mlangoni anatoa habari, na mwenye nyumba anampakulia chochote kilichomo chunguni, maana ilikuwa aibu mleta habari kuondoka na kinywa kikavu.

Sasa, Fisi ni Fisi. Akaanza kuchagua milango. Penye harufu ya nyama, mbiu inalia mpaka watoto wachanga wanashtuka. Penye harufu ya majani, anapita nyatu, nyatu, kama mwizi wa mayai. Na kwa Mama Sange hakusimama hata siku moja. Sange mnamjua? Yule mdogo kama panya, pua ndefu, utadhani anataka kuonja chungu cha jirani. Huyo chakula chake kilikuwa mchwa wa kukaanga, tena akibahatika. Na kwa ajili ya ile pua, kijiji kizima kilimwita mmbea.

Siku moja binti yake, Tunu, alirudi kutoka shule akajikunja mlangoni. Shikamoo hakuna, maji hataki.

"We Tunu, umemeza ulimi?"

Tunu akachorachora chini kwa kidole.

"Nani amekupiga?"

"Hakuna."

"Basi njoo ule."

"Mama," Tunu akasema, macho chini, "kwani wewe hunipendi?"

Mwiko ukamponyoka Mama Sange, pwa!

"Leo tumesoma mbele ya wazazi," Tunu akaendelea. "Mtoto wa Nyati alisoma, mama yake akapiga vigelegele. Nilipoitwa mimi, nikaitafuta pua yako mlangoni. Sikuiona. Nikausomea ukuta."

Mama Sange hakulia. Wa kulia alikuwepo tayari. Alimvuta mwanawe, akamfuta machozi kwa ncha ya ile pua.

"Ningejua, ningekuja tangu jana nikalala huko huko. Nani aliniambia?"

"Mwalimu alimtuma Fisi. Kila mara anamtuma. Fisi akirudi anasema, 'Nimewaambia wote, ila wale wadogo wadogo wanasema hawana nafasi.'"

"Hee!"

"Na kesho asubuhi ni kikao cha mwisho. Mzee Tembo amesema kama wazazi hawana haja na shule, ataihamishia ng'ambo ya mto. Mama, mimi nitavukaje?"

Mama Sange akautazama mto kule bondeni. Kwa Tembo, mto ule ulikuwa wa kulowesha kucha. Kwa mtoto wa Sange, ulikuwa kaburi.

Akatoka mbio, kiti-kiti-kiti, mpaka kwa Bi Kobe.

"Bi Kobe, kesho kuna kikao shuleni! Tusipokwenda, watoto wetu hawasomi tena!"

"Kikao gani? Mbona sijasikia mbiu?"

"Mbiu imemezwa njiani, dada."

"Mama Tunu, na hiyo pua yako!" Bi Kobe akarudisha kichwa ndani ya gamba. "Habari isiyo na mbiu ni umbea. Ulale salama."

Kwa Nungunungu, hivyo hivyo. Kwa Digidigi, hata mlango hakufunguliwa. Jua nalo linashuka. Mama Sange akaona hakuna njia ila moja: kwenda kwa Fisi mwenyewe.

Akamkuta amejinyoosha mlangoni, anachokonoa meno.

"Hodi!"

"Nani huyo? Mbona simwoni?"

"Tazama chini."

"Ahaa, Bi Pua! Hii hii hii! Umekuja kunusa nini?"

"Habari za mwanangu umezipeleka wapi?"

"Nilipita kwako. Hukuwepo."

"Mwongo mkubwa! Mimi niende wapi na miguu hii? Basi sikiliza. Nitamshtakia Mzee Tembo, nawe utakula yamini mbele ya wazazi wote!"

Kula yamini, ninyi mliojaa maandazi kichwani, ni kuapa. Mtu anashika udongo kwa mkono wa kulia, anasema kweli tupu. Akisema uongo, tumbo linamvimba mpaka linapasuka. Hakuna cha kutafuna hapo! Lakini wazee walipokuwa wakifundisha maneno, Fisi alikuwa jikoni anaramba vyungu. Yeye alisikia neno moja tu: utakula.

Masikio yakamsimama.

"Nitakula nini?"

"Yamini."

"Ya-mi-ni." Akalamba midomo, lap! "Na wewe utakula?"

Mama Sange alikuwa amefumbua mdomo amtukane. Akaufumba. Ile pua ikacheza kulia, ikacheza kushoto.

"Mimi? Mimi nani, Mzee Fisi! Yamini hii haki yako."

"Ni tamu?"

"Walioila wanasema ni nzito. Wengine iliwashinda."

"Mimi hainishindi!"

"Shida ni moja tu, mzee wangu. Yamini hailiwi uchochoroni. Sharti wazazi wote wawepo, wakubwa kwa wadogo, waone kwa macho yao. Wakikosekana..."

"Wakikosekana?"

"Hupewi."

Na hakudanganya hata neno moja.

Fisi huyo! Akanyakua pembe, puruuu! Mlango kwa mlango, tutuuu! "Kikao kesho asubuhi shuleni! Wazazi wote! Asibaki mtu!" Mke wa Nungunungu akamletea mizizi ya kuchemsha, Fisi akaisukuma. "Sitaki! Naacha nafasi!"

Bi Kobe akatoa kichwa. "Fisi amekataa chakula? Basi kuna jambo. Acha nianze safari sasa hivi."

Kulipokucha, kichuguu hakikuonekana kwa wingi wa watu. Digidigi na mumewe, Nungunungu na wanawe, Bi Kobe anahema. Mwalimu Hondohondo akabaki mdomo wazi, na mdomo wenyewe mnaujua ulivyo. Mzee Tembo akapepea masikio.

"Nilidhani wazazi hawa hawana nafasi!"

"Mzee Tembo, maneno baadaye!" Fisi akaruka mbele, udenda unamtiririka. "Kwanza nipewe yamini yangu!"

"Yamini? Mwenyewe unaiomba?"

"Siombi, nadai!"

Mama Sange akapanda juu ya jiwe ili aonekane. "Ale, mzee. Ale kwamba kila habari ya shule aliifikisha kila mlango."

"Hiyo hiyo! Nile hiyo hiyo!"

Tembo akachota udongo kwa mkonga, akamwekea kwenye mkono wa kulia. "Haya, kula."

Fisi akafumba macho, akautupa wote mdomoni. Kacha, kacha... ptuu! Ptuu!

"Yamini gani hii? Haijaiva!"

Watoto wakaanguka kwa kicheko. Tembo hakucheka. "Hiyo, Fisi, ni kiapo. Umekwisha kukila. Sasa sema: ulifikisha, hukufikisha? Ukidanganya, tumbo litavimba, pu!"

Fisi akalishika tumbo lake kwa mikono miwili, tumbo alilolipenda kuliko mama yake.

"Sikufikisha!" akalia. "Kwa Sange kuna mchwa tu! Kwa Kobe majani! Nilipita kimya! Nisameheni, lisipasuke!"

"Mama Tunu," Bi Kobe akanong'ona, "kumbe hukuwa mmbea."

"Pua kubwa si kosa, dada. Kosa ni masikio madogo."

Shule haikuhama, wangeihamishaje na wazazi wamejaa pale? Mwalimu akamwita Tunu asome. Tunu akasimama, akasoma neno, akasoma jingine, akamaliza ukurasa. Pale mbele kabisa, mama yake, mtu asiyejua hata herufi moja, alikuwa anafuatisha kwa midomo. Kisha akapiga kigelegele chembamba, liiiii, mpaka Tembo akageuka kutafuta kimetokea wapi.

Basi mshike hili: habari ya mtoto ni ya mzazi, anayeimeza njiani ataitapika mbele ya watu.

Na Fisi? Alinyang'anywa pembe. Kisha akaamriwa kwamba kila penye kikao awapitie wazazi wenye miguu mifupi, awabebe mgongoni mpaka shuleni na kuwarudisha. Mama Sange alikaa shingoni, Nungunungu katikati, na miiba yake msiulize. Bi Kobe, kwa uzito wake, alikaa nyuma kabisa, juu ya kiuno. Vikao vilikuwa vingi. Mkimwona Fisi leo anapita, mtazameni: mbele ameinuka, nyuma amebonyea. Hicho ndicho alicholipa.