Uyoga wa Kwenye Miti Mipya

Mvua ya kwanza ilinyesha siku tatu mfululizo. Ilipokatika, hifadhi ya msitu ilifuka mvuke kama chungu kilichofunuliwa. Kwenye majani yaliyooza na magogo yaliyolala, uyoga ukachomoza wa kila namna: wa manjano kama kiini cha yai, mweusi kama vidole vya mchoma mkaa, mwekundu wa kutisha watoto, na mweupe mpole unaopendwa na wapishi. Karibu na lango la hifadhi ilikuwepo nyumba ya mlinzi wa msitu, na mke wa mlinzi huyo aliujua uyoga kama mtu anavyowajua majirani zake: yupi wa kukaribishwa ndani na yupi wa kusalimiwa kwa mbali.

Watu walimwita Bi Kisu, kwa sababu ya kisu kidogo cha kukunja ambacho hakikumtoka kiunoni. Hakuwahi kung'oa uyoga hata siku moja. Aliukata juu kidogo ya udongo, akakiacha kisiki chake kilale. "Ukiung'oa, umeua na wa mwakani," mama yake alimfundisha hivyo, naye akawafundisha hivyo hivyo wanawake wote wa pale. Kwa miaka thelathini alivuna, akapika, akagawa, na hakuna tumbo lililowahi kumlaumu.

Mwaka huo ofisi ya hifadhi ilimleta mtu wa kuorodhesha aina zote za uyoga zilizomo msituni. Paa la nyumba ya wageni lilikuwa limeezuliwa na upepo, basi mlinzi akaambiwa ampokee kwake. Mgeni mwenyewe alikuwa kijana, mwembamba kama ufito, na kioo cha kukuzia kikining'inia shingoni.

Alikuja wakati mbaya. Binti wa Bi Kisu, mtoto wake wa pekee, alikuwa amejifungua siku nne tu zilizopita, baada ya mimba tatu kuharibika, naye alilala chumba cha nyuma akiuguzwa na mama yake. Nyumba iliyokuwa na kichanga ndani ilitaka utulivu na maji ya moto, si mtu wa kuingia na matope. Kwa heshima, mgeni hakuukaribia mlango wa chumba kile. Akipita ukumbini aliinamisha macho na kukohoa kidogo. Lakini glasi zote sita za nyumbani alizikusanya, akafunikia kofia za uyoga alizozilaza juu ya karatasi, ili asubuhi aone rangi ya unga uliodondoka. Wenye nyumba wakanywea chai kwenye mabakuli.

"Baba watoto, huyu mtu wako anaondoka lini?" Bi Kisu alimuuliza mumewe.

"Hesabu haijaisha. Amefika aina mia na kumi."

"Na glasi zangu je, nazo zimo kwenye hesabu?"

Hayo angeyameza. Lililomshinda ni siku alipomkuta mgeni amepiga magoti msituni, anachimba udongo kwa kijiko na kuutoa uyoga mzima mzima.

"Mwanangu, mbona unang'oa? Sisi huku tunakata."

"Nataka kuuona mguu wake, mama. Kofia peke yake haisemi yote."

"Nimeuona uyoga kabla hujajua kufunga kamba za viatu. Mwakani tutakula nini, mashimo yako?"

Mgeni akatabasamu, akalifukia shimo vizuri, akaenda mbele kuchimba pengine.

Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu Bi Kisu alilichukua jembe dogo la palizi, akalisimamisha mlangoni pa mgeni, aone na aelewe. Mgeni akaliona. Akalipokea kwa mikono miwili.

"Umejuaje, mama? Kijiko kilikuwa kimeanza kupinda."

Mlinzi alitoka nje akachekea huko.

Siku ya tano ya mgeni, binti alisukuma pembeni kila alicholetewa. "Mdomo mchungu, mama. Labda ningepata uyoga wako, ningekula."

Bi Kisu alichukua kikapu kama aliyepewa mabawa. Vichuguu alivyovizoea vilikuwa vimeshavunwa na wengine. Alirudi akipitia pembeni mwa hifadhi, kwenye miti mipya. Hiyo ilikuwa miti ya kigeni, iliyopandwa yapata miaka kumi nyuma, na miche yake ililetwa kutoka mbali pamoja na udongo wake. Hakuwahi kukuta kitu chini yake. Siku hiyo alikuta neema: uyoga mweupe, mnene, wenye kofia laini na pete shingoni, kama ule wa vichuguuni kabisa. Akakata mpaka kikapu kikajaa, akimshukuru Mungu kwa sauti.

Ulipoiva alipakua bakuli, akalipeleka chumba cha nyuma, akarudi jikoni kuosha vyombo. Mgeni alikuwa amefika mlango wa jikoni kusafisha jembe. Macho yake yakaangukia kofia mbili zilizobaki kwenye karai. Akaigeuza moja, akainusa.

"Huu umeuvuna wapi, mama?"

"Kwenye miti mipya. Mbona, umekuponyoka kwenye hesabu yako?"

"Uliopikwa uko wapi?"

"Mzazi anakula."

Mgeni hakukohoa, wala hakuinamisha macho. Alilisukuma pazia la chumba cha nyuma kama mwizi, akampokonya mzazi bakuli mkononi.

"Umekula?"

"Bado, ni wa moto," binti alijibu, akivuta shuka kujifunika yeye na mtoto.

Bi Kisu alifika nyuma yake akiwa amejaa hasira. Alimwambia amekula chakula chao, amelala kitanda chao, na sasa amevunja adabu mbele ya mzazi aliyelala. Akamwambia afungashe. Mgeni alisimama pale, amelikumbatia bakuli kifuani, mchuzi ukimchuruzikia shatini.

"Nitafungasha, mama. Lakini kwanza twende sote mahali ulipoukata. Nikikosea, naondoka leo leo."

Mlinzi aliyesikia zogo akaingia. "Mama watoto, kwenda kuangalia si kushindwa."

Walikwenda. Bi Kisu alibeba jembe mwenyewe, akitembea mbele kama askari. Kwenye miti mipya visiki vyake vilikuwa bado vibichi. Mgeni hakuvigusa. "Chimba wewe, mama."

Alipiga magoti, akatifua taratibu. Chini ya kisiki, ndani ya udongo, shina lilikuwa limevimba na kukaa ndani ya kifuko cheupe kilichopasuka, kama ganda la yai. Akachimba cha pili, kifuko. Cha tatu, kifuko. Kisha mgeni akawapeleka kwenye kichuguu cha karibu, akamwambia achimbe kisiki cha uyoga wa kale, ule wa mama yake. Huo haukuwa na kifuko. Ulishuka chini kwa mkia mrefu mwembamba, ukazama kwenye nyumba ya mchwa.

Bi Kisu alikaa kitako juu ya majani mabichi. Miaka thelathini alikata juu ya udongo, na tofauti yote ilikuwa chini ya kisu.

"Kwetu upo," mgeni alisema kwa upole. "Huku sikutarajia kuukuta. Nadhani umekuja na udongo wa miche. Ni mtamu, mama, ndiyo ubaya wake. Mtu anatapika, kesho yake anajiona amepona, siku ya tatu ini linakataa. Na usijilaumu. Asiyejua uyoga hauli. Wanaozikwa ni wajuzi."

Bi Kisu alimshika mgeni mkono wenye matope, akaushika tu, mpaka mlinzi akageuka kutazama miti.

Nyumbani walichimba shimo refu wakafukia kila kitu, na sufuria yenyewe. Kisha Bi Kisu aliingia chumba cha nyuma, akasema ukweli wote bila kuupamba. "Mikono iliyokupikia sumu ni hii yangu, mwanangu."

Binti alimtazama mtoto aliyekuwa akinyonya. "Na aliyeniokoa nilimwona mwizi," alisema. "Basi niletee uji, mama. Sasa njaa imekuja kweli."

Mgeni alikaa wiki mbili zaidi. Bi Kisu alifuatana naye msituni kila asubuhi, akimtajia majina ya uyoga ambayo mama yake alimwachia, naye akayaandika yote. Wanawake wa pale walifundishwa upya: mahali pageni, chimba wa kwanza mpaka mguuni, na chini ya miti mipya usiinue hata mmoja. Bi Kisu mwenyewe ndiye aliyezunguka mlango hadi mlango, akianza kila mara kwa kisa chake na aibu yake, kwani aliona heri aibu isambae kuliko msiba.

Mwezi uliofuata mlinzi alirudi kutoka ofisini akikuna kichwa. "Mama watoto, usikasirike. Paa la nyumba ya wageni bado, na wanataka kutuletea mwingine. Huyu anahesabu konokono."

Bi Kisu alikuwa ameshaanza kukung'uta godoro.

"Wa konokono, wa siafu, mimi sitauliza," alisema. "Mwambie aje. Mgeni njoo, mwenyeji apone."