Geti la Shebughe

Nisikilizeni, maana sirudii. Shebughe alikuwa na malori sita na akili ya nusu lori. Mvua iliangusha kipande cha ukuta wake, ule wenye geti la chuma, kikabomoa jiko la jirani yake, Bi Sihaba, ambaye alikula kwa kuuza vitumbua. Bibi akapeleka malalamiko baraza la kata.

"Ukuta si wangu," Shebughe alisema. "Nilinunua kiwanja, nikaukuta umesimama."

"Sasa ni wa nani, mwanangu?"

"Si umekuangukia wewe? Basi ni wako. Uchukue."

Wajumbe wakacheka, maana walikuwa wamekunywa soda zake.

"Mimi mjinga, sijui kubishana," Bi Sihaba alisema. "Mwenyekiti, niandikie hayo, yeye atie sahihi, wewe ugonge muhuri. Nitakwenda kulia nyumbani."

Shebughe alitia sahihi huku meno yote yako nje.

Kesho yake asubuhi malori yake, yaliyojaa nyanya, yalikuta geti limefungwa kwa mnyororo. Pengo la ukuta lilimtosha mtu, si lori. Nje alikaa Bi Sihaba kwenye kigoda, karatasi mapajani.

"Bibi, fungua geti langu."

"Limeshikwa na ukuta wangu. Soma muhuri."

"Nyanya zinaoza!"

"Hata unga wangu wa vitumbua ulioza."

Kufika alasiri jiko lilikuwa limesimama, Shebughe mwenyewe akiwabebea mafundi maji. Akapewa ufunguo.

"Na ile karatasi?"

"Hiyo naiweka," Bi Sihaba alisema. "Mvua hazijaisha."