Neno la Kinyonga Lililokatwa Katikati

Paukwa!
Pakawa!
Mbona mwaitika kama mliokosa chai? Paukwa!
Pakawa!

Hapo zamani za kale, kabla kazi hazijaanza kutangazwa zikiwa na wenyewe, palikuwa na bustani kando ya mto. Mwenyewe alikuwa Mzee Kiboko. Kila jioni aliizunguka, tumbo mbele, pua juu, na alichokiona ni bustani, basi.

Humo aliishi Bi Kinyonga. Alitembea polepole, akaongea polepole zaidi. Kati ya neno na neno ungeweza kuchemsha maharage. Siku moja akapita Ngiri, karani wa bustani na mpwa wa Kiboko kwa ukoo ambao hakuna aliyewahi kuueleza, akiuliza kila mtu kazi yake. Nyuki akasema anatengeneza asali. Mchwa akasema anajenga. Kinyonga akasema, "Mimi... naangalia."

Ngiri akacheka hadi mkia ukasimama. Akamwambia kuangalia si kazi, na hata ingekuwa kazi, ingetaka digrii na uzoefu wa miaka kumi. Kinyonga akajibu kwamba macho yake hutazama pande mbili kwa mpigo, kwa hiyo miaka mitano yatosha.

"We will get back to you," Ngiri akasema kwa Kizungu chake cha puani, yaani tutakujulisha, kisha akamwamuru awe ametoka kabla jua halijazama.

Nje ya bustani palikuwa peupe, mchanga mtupu, na kinyonga asiye na jani ni chakula cha mwewe. Basi akaondoka kumtafuta Kiboko mwenyewe. Akaenda, akaenda, akaenda, akamkuta katikati ya matembezi, akamwomba atazame kitu kimoja tu.

Kiboko akainama, magoti yakilalamika. Chini palikuwa na mmea mdogo, majani yake kama meno ya kitana. Akaugusa kwa pua. Majani yakajikunja, yakalala, kikonyo kikaanguka.

"Huyo ni kifa..." Kinyonga akaanza.

"Kafa?"

"Si kafa, Mzee. Ni kifa..."

"Kafa, na nimemgusa tu."

"Kifa..."

"Usirudie, mama. Nimesikia."

Kiboko akaketi chini, pu, akatangaza matanga. Hakuna kula, hakuna kutembea. Aliyeua atakaa na marehemu wake. Ngiri akaja mbio akiangua kilio bila kuuliza kafa nani, maana kwa mjomba hulia kwanza, huuliza baadaye.

Kiboko akakaa. Tangu azaliwe hakuwahi kutulia karibu na ardhi namna ile. Akaona sisimizi wamebeba bawa la kumbikumbi, wanasukumana kama wachukuzi wa kabati. Akaona dundu anasukuma mpira wa mavi kwa miguu ya nyuma, kichwa chini, kwa fahari ya mtu aliyepandishwa cheo. Akaona nyuki kalala ndani ya ua la boga, makalio nje, chavua mgongoni.

"Hawa wote wanaishi hapa?" akanong'ona.

"Tangu... zamani, Mzee."

Jua likagusa mto. Ngiri, machozi bado mashavuni, akamkumbusha Kinyonga kwamba muda umekwisha. Kinyonga akapeleka mguu mbele, akaurudisha, akaupeleka tena. Hapo jani moja likafunguka. Likafuata la pili, la tatu, na kikonyo kikainuka.

"Kafufuka," Kiboko akasema, mdomo wazi.

"...urongo," Kinyonga akamalizia.

"Nini?"

"Jina lake, Mzee. Kifaurongo."

Kilio cha Ngiri kikakatika. Kiboko akacheka hadi vyura wakaruka mtoni.

"Kumbe nimemlilia anayejifanya kafa," akasema, "na kando yangu yuko anayejifanya analia."

Akaamuru Kinyonga abaki, kazi yake kuangalia, na kila jioni amweleze alichokiona. Ngiri akabaki karani, bila shaka. Mpwa ni mpwa. Ila haruhusiwi kwenda kula mpaka Kinyonga amalize sentensi.

Amekonda huyo.

Na hadithi yangu imekunja majani hapo. Msiishike, itafunguka yenyewe.