Jina Lililombakia Bibi Khawla

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba palikuwa katika mji wa Kufa na mama mcha Mungu, Bibi Umayma, aliyewakusanya nyumbani kwake ajuza kumi na mmoja wasio na wa kuwatunza. Aliwapikia, akawafulia, na wasioona akawashika mkono kwenda kutia udhu.

Riziki ya nyumba hiyo ilitoka kwa Mus'ab, tajiri muuza mafuta. Kila mwaka kabla ya baridi alimtuma mjumbe na ngamia wa ngano na mablanketi, kwa sharti moja: sadaka yake ni ya nyumba za wazee wasio na watoto. Akipatikana hata mmoja mwenye mtoto, ngamia hugeuzwa.

Mwaka mmoja alikuwa amepokewa Bibi Khawla, ambaye mwanawe Jundub alihamia mji wa mbali akamsahau. Na ada ya watu wa Kufa ni kumwita mzazi kwa jina la mwanawe, basi nyumba nzima ilimwita Ummu Jundub, yaani mama yake Jundub. Majirani wakamwambia Bibi Umayma, "Mjumbe haulizi mengi, husikiliza majina tu. Siku hiyo moja mwiteni Khawla. Kwani ni uongo? Si ndilo jina lake?"

Wallahi ushauri ulikuwa mtamu, na pipa la unga lilikuwa limeshafika chini. Bibi Umayma akamwendea ajuza yule kumweleza. Ajuza akalia, kisha akasema, "Mwanangu, nyumba sina, macho sina. Jina la Jundub ndilo pekee lililonibakia. Lakini wenzangu wasife njaa kwa ajili yangu. Niite upendavyo."

Mjumbe akafika. "Na huyu ni nani?"

Bibi Umayma akamshika mkono Bibi Khawla. "Huyu ni Ummu Jundub."

Mjumbe akainamisha kichwa, akageuza ngamia.

Siku tisa walikunywa uji mwepesi, na hakuna aliyemlaumu mwenziwe. Siku ya kumi akabisha hodi Mus'ab mwenyewe, ngamia wake nyuma. "Bibi, mjumbe wangu alipita nyumba saba, na sita ziliapa kuwa hazina mzee mwenye mtoto. Nikajiuliza, Kufa nzima mama aliyesahauliwa ni mmoja tu? Sharti langu ndilo lililowafundisha watu uongo. Astaghfirullah." Akaliondoa siku ile ile, na shamba lake la ngano akaliweka wakfu kwa nyumba hiyo.

Walishukuru hadi machozi. Wakamtanguliza Bibi Khawla kwenye dua, naye akainua mikono: "Alhamdulillahi. Ya Rabbi, mlipe Mus'ab, mlipe Umayma, na Jundub wangu usimlaze na baridi."

Ndugu zangu, tunaowaombea wazee wetu misaada, tuombe kwa ukweli, na Mtoaji hakosi njia. Kwetu pia mama huitwa kwa jina la mtoto. Basi wewe ambaye jina lako ndilo analoitwa mama yako mlangoni kwake, nenda kamwone.