Nyumba Moja, Chungu Kimoja

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, majiko na majirani wambeya kama tulivyo sisi, palikuwa na kijiji cha nyumba arobaini chini ya mlima wa mawe. Wewe unayecheka, nyamaza, hata sijaanza.

Sebuleni kwa kila mmoja palikuwa na kioo. Si kioo cha kujitazamia. Hiki kilionyesha tamthilia za binadamu: wanavyooana, wanavyogombana, mawifi wanavyonuniana. Wanyama walizipenda kufa. Mwenye picha zote alikuwa Bwana Nyati. Unampelekea kibaba kimoja cha mtama kila mwezi, anakunong'oneza neno la siri, unakwenda kulitamka mbele ya kioo chako, na picha zinaanza. Kibaba kimoja tu, nani angelalamika?

Kisha akaja Mzee Kiboko. Alitoka mtoni maji yanamchuruzika, chururu, chururu, akatangaza: "Kwangu nusu kibaba."

Kijiji kikahamia kwake mbiombio. Hapo Kiboko akafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka napandwa na hasira. Kulikuwa na tamthilia iliyowashika wote, habari za mama mmoja na sanduku lake la urithi, na hakuna aliyejua ndani mna nini. Nusu ya kwanza ilikuwa kwa Nyati. Kiboko akawahi kuinunua nusu ya pili kabla Nyati hajaipata. Sasa ukitaka kuifuata hadithi, ulipe kwa wote wawili.

Bei nazo zikaanza kupanda. Kiboko akasema tamthilia ni ghali, leteni vibaba viwili. Nyati akasema wateja wamepungua, waliobaki walete vitatu. Kiboko kusikia vitatu, akauliza yeye kawa mnyonge wa nani, akataka vinne. Tena, mama wa sanduku akishika tu ufunguo, pu! Kiboko mwenyewe anatokea kiooni, kapanua mdomo, anatangaza matope ya kupaka mgongoni. Hutaki kumwona? Ongeza kibaba.

Zamani jirani alimpa jirani neno la siri, mambo yakaisha. Wakubwa hao wawili wakapiga marufuku. "Neno moja, nyumba moja," wakasema. Kwa hilo walikubaliana, ingawa kwa mengine yote hawakusalimiana.

Basi mwezi mmoja, mvua zikikaribia, Pimbi akaenda kwa jirani yake Mama Digidigi kuazima jembe. Pimbi mnamjua: mdogo kama mkate wa boflo, hana mkia, lakini kichwani hakukosa kitu. Mama Digidigi alikuwa mjane mwenye watoto wawili. Kibuyu chake cha mbegu kilining'inia juu ya meko. Pimbi akakigonga kwa kidole. Koo, koo. Kitupu.

"Jirani, umeshapanda?"

"Bado."

"Mbegu ziko wapi?"

Mama Digidigi akatazama majivu. "Nimelipia."

"Umelipia nini?"

"Kioo. Kwa Nyati na kwa Kiboko, miezi mitatu mbele. Walisema atakayelipa mapema hatapandishiwa bei."

Pimbi akadhani hajasikia vizuri. "Mbegu za kupanda, Mama Digidigi? Za kupanda?"

"Watoto walilia. Wenzao wote wanajua mama wa sanduku amefikia wapi, wangu wanakaa pembeni kama wageni. Nikasema mbegu nitaazima. Nimezunguka kijiji kizima, Pimbi. Hakuna nyumba yenye hata punje. Wote wamelipia."

Pimbi akakaa chini, pu. Mawingu yameshaanza kujikusanya, na nyumba arobaini hazina mbegu. Nanyi mwaogopa mizimu. La kuogopa ni hilo.

"Basi mwaka huu tutakula picha," akasema, kisha akajuta, maana Mama Digidigi alikuwa analia, na yeye Pimbi alikuwa na aibu yake. Kibuyu chake kilikuwa kitupu vilevile.

"Futa machozi," akasema baadaye. "Kesho mjumbe anahesabu nyumba kwa kazi ya kisima. Njoo ukae karibu yangu, na nikisema lolote usicheke."

Kesho yake wakakutana uwanjani. Mjumbe alikuwa Korongo, aliyesimama kwa mguu mmoja na kuchukia kelele.

"Kila nyumba inatoa mtu mmoja wa kuzibua kisima," akasema Korongo. "Bwana Nyati, nakuona na jamaa sitini. Unatoa wangapi?"

"Mmoja," akasema Nyati.

"Mmoja, katika sitini?"

"Mjumbe, kila mwaka nakueleza. Nyumba ni chungu. Wanaokula chungu kimoja ni nyumba moja, hata wawe elfu. Sisi tunakula chungu kimoja."

"Na sisi," akadakia Kiboko, ambaye mtoni kwake walikuwa arobaini na watatu. "Chungu kimoja, nyumba moja, mtu mmoja."

Pimbi akanyanyuka, ingawa hakuna aliyeona tofauti. "Samahani wakubwa zangu. Mimi ni mjinga, nataka kuelewa. Hiyo ndiyo sheria?"

"Ndiyo sheria," akasema Nyati.

"Na neno la siri ni moja kwa nyumba moja, kwa nyumba hiyo hiyo ya chungu?"

"Kwani nyumba ziko za namna ngapi, wewe?"

"Nashukuru. Maana huko mlimani nimesikia maneno. Wanasema kwa Bwana Nyati nyumba moja inaweza kulipishwa mara mbili, na ukidai chako hurudishiwi. Wanasema Mzee Kiboko ndiye mwaminifu."

Nyati akakoroma, hrrr. "Nani kasema? Kwangu nyumba ikilipa mara mbili, narudisha siku hiyo hiyo, na kibaba kimoja juu yake, cha kuomba radhi!"

"Kimoja?" Kiboko akacheka. "Mimi naongeza viwili."

"Mimi vitatu," akasema Nyati.

"Nami vitatu, na nawabebea hadi mlangoni."

Korongo akashusha mguu wake wa pili, jambo alilolifanya mara chache. "Nimesikia. Kijiji kimesikia. Tuendelee na kisima."

Mama Digidigi aliuma mdomo asicheke, akavuja damu kidogo.

Asubuhi yake Nyati akaamka akasikia harufu ya mboga. Akatoka nje. Uwanja mzima umejaa. Katikati kuna chungu kikubwa cha harusi juu ya mafiga, kinachemka, bwata, bwata. Huyu kaleta mchicha, yule kaleta boga, Nungunungu kaleta mizizi. Nyumba zote arobaini zimekaa mkekani, wote wanapakuliwa chungu kimoja.

"Mnafanya nini?" akauliza Nyati.

"Tunakula, Bwana Nyati," akasema Pimbi, mashavu yamejaa. "Karibu. Ah, ila hapana, usije ukawa wa nyumba yetu."

Kiboko naye alikuwa amefika, ameganda mdomo wazi, safari hii hatangazi kitu.

"Sisi ni nyumba moja," akaendelea Pimbi. "Chungu si unakiona? Na nyumba hii kwa bahati mbaya imelipa mara arobaini kwako, na mara arobaini kwa Mzee Kiboko. Tunawaachia lipo moja kila mmoja. Mengine tumekuja kuyachukua, na vibaba vyetu vitatu juu ya kila moja."

Nyati akaona kizunguzungu. "Mnakula pamoja leo tu! Huo ni ujanja!"

"Jamaa zako sitini tunawaona wakila pamoja siku ya kuhesabiwa tu," akasema Mama Digidigi. Kijiji kikageuka kumtazama, maana mama huyu hakuwahi kuinua sauti mkutanoni. Yeye mwenyewe alishangaa, lakini akaendelea. "Watoto wangu hawana mbegu, Bwana Nyati. Nataka mtama wangu."

"Mjumbe!" akalia Nyati. "Sema neno!"

Korongo akafikiri. "Nitasema. Ukitaka, sheria ya chungu naifuta sasa hivi. Nikiifuta, jamaa zako ni nyumba sitini, na za Kiboko arobaini na tatu. Wote wachukue majembe twende kisimani. Na miaka kumi na miwili mliyotoa mmoja mmoja, mtailipa kwa kuchimba. Mnachagua lipi?"

Nyati akamtazama Kiboko. Kiboko akamtazama Nyati. Ilikuwa mara ya kwanza kutazamana tangu wagombane, na kila mmoja akamwona mwenziwe amepauka.

Maghala yakafunguliwa. Mtama ukamwagika vikapuni, shwaa, shwaa, hadi jua likawa la utosi. Na kwa sababu ahadi ni ahadi, Kiboko akabeba hadi milangoni, nyumba kwa nyumba, akihema. Mama Digidigi akajaza kibuyu chake, akakitikisa sikioni, akakitikisa tena. Alikuwa hajaamini.

Jioni, nyumba ile kubwa ikajikusanya mbele ya kioo kimoja, kwa neno moja. Mama wa tamthilia akashika ufunguo, akafungua sanduku.

Tupu. Hata buibui hamna.

Walikaa wanatazamana. Miezi yote ile, vibaba vyote vile. Kisha tone likaanguka paani, la pili, la tatu, na Mama Digidigi akainuka akawaambia watoto walete majembe. Nami hadithi nimeiacha huko shambani kwake, anayeitaka akaipalilie.

Ukitunga sheria ya kukwepa mzigo, jua iko siku itakutwisha wewe.